Kaa Kambini Mpaka Upone
Andiko: Yoshua 5:2–8



Pale Gilgali Yoshua aliwatahiri wanaume watu wazima, tena wanajeshi. Yeriko ilikuwa hapo karibu, lakini mstari wa 8 unatuonyesha hakuna aliyetoka kambini kabla ya kupona. Mungu alisimamisha vita vidonda vipone.

Huku kwetu Nyanza, tohara ya hiari imetolewa bure tangu 2008, na wengi wetu tumeenda tukiwa tayari tumeoa. Mimi nilikuwa na miaka 29. Kwa aibu sikumwambia mtu hapa kanisani. Siku ya nne nikabeba spika za krusedi. Nyuzi zikafunguka, damu ikatoka, nikarudishwa kwa daktari nikiwa nimeshikwa mkono. Aibu niliyoikimbia ikanipata mara mbili.

Ndugu yangu, kidonda kinaweza kukauka juu na ndani bado. Ndio maana tunaambiwa wiki 6 bila tendo la ndoa. Si 3. Akina mama, wasaidieni wazee wenu kufikisha hesabu hiyo.

Na ukipona usijidanganye. Tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kupata virusi kutoka kwa mwanamke kwa kama asilimia 60. Hiyo 40 inayobaki inataka uaminifu. Wokovu nao hauletwi na kisu. Soma 1 Wakorintho 7:19.

Wiki hii ukiona ndugu anatembea polepole, usimcheke. Mbebee spika.

Amina.