Fungueni Daftari la Moshi!

Unajua! Usiniambie hujui!

Wewe mkuu wa chuo, wewe mhadhiri, wewe kiongozi wa wanafunzi: mmefundisha mabadiliko ya tabianchi, mmetungia mitihani mabadiliko ya tabianchi, mmetunuku shahada za mabadiliko ya tabianchi. Kila tarehe 5 Juni, siku ya mazingira, mnavaa fulana, mnapanda miche, mnapiga picha. Na nyuma ya ukumbi jenereta inanguruma! Nyuma ya bwalo ukuta wa jiko umekuwa mweusi tii! Nyuma ya hosteli shimo la taka linafuka usiku na mchana!

Nakuuliza swali moja tu. Mwaka jana chuo chako kilitoa tani ngapi za gesijoto?

Kimya.

Ada ya kila mwanafunzi unaijua hadi senti. Viti vya ukumbini unavijua. Aliyeng'ang'ania kitabu cha maktaba tangu muhula wa kwanza unamjua kwa jina. Moshi wako mwenyewe hujawahi kuuhesabu!

"Tutaanza mwaka ujao," unasema. "Tukipata mfadhili. Tukipata mtaalamu. Tukipata mashine."

Mashine gani? Nani kakuambia mtu atapanda juu ya bomba na chupa kukinga moshi? Vipimo unavyo! Vimo kwenye risiti za dizeli, vimo kwenye uniti za umeme ulizonunua, vimo kwenye daftari la stoo, pale mtunza stoo alipoandika kwa kalamu ya buluu: kuni, lori mbili. Ushahidi wote umo ndani ya makabati yako, unaliwa na mende.

Sikiliza hesabu yenyewe. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Utashangaa: lita yenyewe haifiki kilo 1, hizo nyingine zimetoka wapi? Zimetoka hewani! Kila atomu ya kaboni iliyokuwa ndani ya mafuta hukamata atomu mbili za oksijeni inapoungua, na oksijeni ni nzito kuliko kaboni. Ndiyo maana moshi humzidi uzito mzazi wake. Tuseme basi la chuo linakunywa lita 200 kwa wiki, kwa wiki 40 za masomo. Hizo ni lita 8,000. Zidisha! Unapata zaidi ya tani 21. Tembo dume wanne wamepaa angani, na mlinzi wa geti hakuandika hata mmoja.

Acha basi. Ingia ofisini kwako penye ubaridi mzuri.

Kiyoyozi kilipopungua nguvu ulimwita fundi. Akaja, akaongeza gesi, ukamlipa, ukamshukuru. Ulijiuliza ile ya mwanzo ilikwenda wapi? Kiyoyozi hakili gesi! Gesi yake huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa; ukiona imepungua, ujue imevuja. Na kilo 1 ya gesi iitwayo R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi, ikitoroka hewani huipasha dunia joto, kwa hesabu ya miaka 100, kama kilo 2,000 na zaidi za hewa ukaa. Kilo 1 tu! Ni sawa na kuunguza zaidi ya lita 700 za dizeli humo humo ofisini, bila moshi, bila harufu, bila sauti. Shahidi pekee wa tendo hilo ni risiti ya fundi. Na risiti umeitupa!

Kanuni ipo, usijifanye hukuisikia. Itifaki ya Gesijoto ilitoka mara ya kwanza mwaka 2001, na karibu kila anayejipima duniani huifuata. Hugawa mzigo mafungu matatu. La kwanza ni unachokichoma na kukivujisha mwenyewe: jenereta, magari ya chuo, jiko, viyoyozi. La pili ni umeme unaoununua, ambao moshi wake, kama upo, ulifuka mbali lakini kwa ajili yako. La tatu ni mengine yote: daladala na bodaboda zinazoleta wanafunzi, takataka zinazozolewa, saruji ya jengo jipya, ndege inayompeleka profesa kwenye kongamano. (Mara nyingi ni kongamano la tabianchi. Mungu atusamehe.)

Fungu la tatu ndilo linalokimbiwa. Watu hupima mawili yaliyo mepesi, wakapiga vigelegele, wakafunga kitabu. Usiwe miongoni mwao! Wagawie wanafunzi karatasi ya maswali manne: unatoka wapi, unapanda nini, mara ngapi kwa wiki, mnapanda wangapi. Watajibu kwa dakika tano.

Wala usiseme haya ni mambo ya Wazungu! Chuo Kikuu cha Cape Town kilijipima. Kwa mwaka 2007 kikajikuta na tani 83,400 hivi, kama tani 4 kwa kila mwanafunzi. Na takriban asilimia 81 ya mzigo wote ilitokana na nishati inayotumika chuoni, umeme hasa, kwa kuwa umeme wa Afrika Kusini kwa sehemu kubwa huzaliwa kwenye makaa ya mawe. Fikiri! Bila kupima, watu wale wangeweza kutumia miaka kumi kugombana kuhusu magari, kumbe mzigo umekaa kwenye swichi ya ukutani.

Sasa geuka ujitazame. Na ole wako ukinakili jibu lao! Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwenye maji, kwenye upepo wa Turkana. Wa Tanzania hutoka kwenye maji, pamoja na yale ya bwawa la Julius Nyerere, na kwenye gesi asilia. Uniti moja ya hapa haina masizi ya uniti moja ya Johannesburg. Kwa hiyo dhambi yako, ndugu yangu, huenda haimo kwenye balbu. Mimi nakisia imo jikoni, imo kwenye jenereta, imo barabarani.

Nakisia! Hupendi kukisiwa? Pima!

Twende jikoni basi, maana huko viongozi wa chuo hawafiki ila siku ya mahafali. Mama mpishi ameamka saa 9 usiku. Amepuliza kuni mbichi hadi macho yamekuwa mekundu, amekohoa, amefunga kanga puani, na maharage ya watu mia sita bado hayajaiva. Utaniambia kuni ni mti, na mti huota tena. Ndiyo, kama ulipandwa! Ndiyo, kama uliachwa ukue! Ndiyo, kama lori halikurudi kwenye msitu ule ule mwezi uliofuata! Wenye kanuni wao huiandika hewa ukaa ya kuni kwenye ukurasa wa pembeni, kwa sababu hiyo hiyo ya kuota. Lakini methani, gesijoto nyingine inayotoka kwenye kuni zinazofuka bila kuwaka, haipewi msamaha huo. Inaingia fungu la kwanza, jina lako juu yake. Na kikohozi cha yule mama hakina fungu popote.

Tanzania ilikwisha kuagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mwisho uliwekwa Januari 2024. Tarehe hiyo imepita! Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Sufuria yako iko upande gani?

Ukitoka jikoni usiliruke shimo la taka. Ukoko wa ugali na maganda ya ndizi yakizikwa pasipo hewa huzaa methani, na kilo 1 ya methani kwa miaka 100 ina nguvu kama kilo 28 za hewa ukaa. Pima ndoo za makombo kwa wiki moja. Mizani ya jikoni inatosha.

Najua utakalosema sasa. "Chuo chetu ni kidogo. Walioichafua dunia ni wengine." Kweli! Kweli kabisa, na sikuombi ubebe mizigo ya Texas. Lakini wewe unazalisha wahandisi, unazalisha wahasibu, unazalisha walimu. Watavaa joho, watapokea cheti, watakwenda kuendesha viwanda na halmashauri bila kuwahi kuhesabu moshi hata wa jengo walilosomea. Huo udogo wako utakuwa umezaa nini?

Au utakimbilia kununua msamaha! Lipa kidogo, mtu apande miti mbali, ujiite safi. College of the Atlantic, chuo kidogo cha Maine, Marekani, mwaka 2007 kilitangaza kwamba kimeufuta mzigo wake, na sehemu ya ufutaji huo ilikuwa fidia ya kununua. Sitawahukumu hapa, ingawa mimi biashara hiyo hainikai moyoni. Nakuonyesha jambo moja: hata hao, kabla ya kununua, iliwabidi wajue wanunue tani ngapi. Hakuna njia ya mkato inayoruka daftari!

Na ukianza, usifanye ujanja. Usichague mwaka wa moshi mwingi kupita kawaida uwe wa kujilinganisha nao, ili kesho uonekane mtakatifu. Usichague 2020 pia, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona na hata jenereta zikalala. Chagua mwaka wa kawaida, uandike makosa yake kama yalivyo, na pale risiti ilipopotea andika kwamba imepotea.

Mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 315 hivi zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420. Kipimo kimoja, mlima mmoja, mtu mmoja asiyechoka, na dunia nzima ikakosa pa kujificha! Wewe unajificha nyuma ya nini?

Mvua za 2024 umezisahau? Ziliifunika Rufiji, zikaisomba Mai Mahiu, zikazamisha mitaa ya Nairobi. Hakuna msomi anayesema kila tone lilitokana na moshi wa binadamu. Wanachosema ni kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo una siku yake ya kushuka. Hausubiri kikao cha bodi! Hausubiri mfadhili! Hausubiri mwaka ujao!

Rudi basi, ungali na nafasi. Usiunde kamati ya kuandaa kamati. Mwite mhasibu, mwite dereva, mwite fundi wa umeme. Waambie walete risiti za miezi 12. Wape wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu kompyuta moja na meza moja. Muhula haujaisha utakuwa na namba, na namba hiyo uibandike kwenye ubao wa matangazo, hapo hapo yanapobandikwa matokeo ya mitihani, kila mtu aione.

Stoo inafunguliwa kesho saa 2 asubuhi. Uwe mlangoni!