RAMADHANI, SIKU YA 18: USIUNG'OE KABLA HUJAUKWARUZA



Wazee wangu, mama zangu, vijana wetu, poleni na ule upepo wa usiku wa kuamkia juzi. Alhamdulillah hatukusikia aliyeumia. Lakini baada ya Alfajiri kila uwa ulikuwa na habari yake: mpapai umekatika kichwa, migomba imelala, mndimu umepasuka tawi, mkomamanga umeinama na mizizi ya upande mmoja iko juu. Na kabla jua halijapanda, mapanga yalishaanza kulia mtaani.

Leo nawaomba tuweke panga chini kidogo.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimfananisha muumini na mmea laini: upepo unauinamisha huku na huku, na ukitulia mmea unasimama tena. Kwa hiyo mmea kuinama si dalili kwamba umekufa. Kwanza uangalie.

Namna ya kuangalia ni rahisi. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na pana unyevu, uhai upo. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka chini kidogo ujaribu tena. Usitoe hukumu kwa kukwaruza mara moja tu.

Tawi lililopasuka lisiachwe linaning'inia, maana linaendelea kuchana gome na wadudu wanapata mlango. Tumia msumeno mkali. Kama tawi ni zito, anza kukata kidogo kwa chini, halafu juu, ili lisianguke na kuondoka na gome la shina. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama pete. Usiuguse, maana kidonda hufunga kuanzia hapo. Ukishakata, acha. Usikate na matawi mazima kwa kutaka mti upendeze, kwa sababu majani yaliyobaki ndiyo yanayoulisha.

Mti mdogo ulioinama uinue mapema, udongo ukiwa bado laini. Mizizi iliyo nje ifunike kwa gunia bichi mpaka uirudishe ardhini. Weka nguzo, ufunge kwa kitambaa kipana au mpira wa baiskeli. Waya utakata gome. Na usikaze sana. Mti uachiwe nafasi ya kuyumba kidogo, maana kuyumba ndiko kunakoimarisha shina. Kama maji yametuama, chimba kamfereji yatoke. Weka matandazo ya majani makavu, yakae mbali kidogo na shina. Mbolea kali usiweke sasa. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuibeba, unaweza kuiunguza. Subiri uone majani mapya.

Mgomba una hesabu yake. Shina moja huzaa mkungu mmoja tu, kwa hiyo lililovunjika halitazaa tena. Kama mkungu umekomaa, ndizi ziende kwenye futari. Shina likatekate uliweke matandazo. Lakini shinani pale usiping'oe: tazama chipukizi pembeni. Huyo ndiye mgomba wako wa kesho.

Na kipo kitakachokuwa kimekufa kweli. Hapo dini imetufundisha kupanda, hata kama Kiyama kimefika na mtu ana mche mkononi. Wazee wa Unguja walifanya hivyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kile, Pemba ikasalimika. Mkarafuu hukaa miaka kama sita au zaidi kabla ya kuzaa. Bado watu walipanda.

Sasa jamani, tutoke uani, tuingie msikitini.

Usiku wa kwanza wa tarawehe safu zilifika barazani. Leo tunahesabu nafasi wazi. Wako waliosafiri, wako wagonjwa, Allah awape shifaa. Lakini yuko pia kijana aliyekuwa ameacha unga, akaja siku saba kwa kanzu safi, kisha akarudia. Yuko baba aliyegombana na nduguye, anaona haya kusimama naye safu moja. Yuko binti anayesema, "Mimi nimeshaharibikiwa, nitasali nini?" Hao upepo umewapiga. Na sisi, hebu tuseme kweli, panga letu ni ulimi. "Yule? Yule basi tena." Tumeshang'oa.

Bukhari amepokea habari ya mtu mmoja aliyekuwa akiletwa kwa Mtume (s.a.w.) kwa kosa la ulevi, zaidi ya mara moja. Adhabu ikapita. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa jinsi anavyorudia. Mtume akamkataza, akaeleza kuwa anachojua ni kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Tazameni vizuri. Kosa halikuitwa jema, na adhabu haikufutwa. Lakini Mtume aliangalia chini ya gome, akakuta pana uhai.

Basi mwenzako akianguka, msaidie kukata kile kinachomchana: ile njia, kile kijiwe, ile namba ya simu. Mkate hapo tu, msimkate na marafiki wema na kazi yake. Kisha awepo wa kumwegemea, asiyembana. Kumpigia simu kila saa kumuuliza "uko wapi, na nani" ni waya. Na akirudi msikitini, tusimmwagie mawaidha ya mwaka mzima usiku mmoja. Salamu, nafasi kwenye safu, sahani ya futari. Majani mapya yatakuja kwa idhini ya Allah, na hapo mengine yatafundishika.

Na kama aliyeanguka ni wewe unayesoma haya, usijihukumu kwa kukwaruza mara moja. Maadamu moyo unauma kwa kukosa sala, basi pale bado ni kijani. Katika Surat al-Hadid, Allah anawauliza walioamini kama haujafika wakati wa nyoyo zao kunyenyekea. Aya inayofuata papo hapo inatukumbusha kuwa ni Yeye anayeihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Na kumi la mwisho liko mlangoni. Hujachelewa.

Kazi ya leo ni mbili, kabla ya Magharibi. Kwanza, pita uani kwako na kwa jirani mzee asiye na wa kumsaidia, muinue kinachoinulika. Pili, mkumbuke mtu mmoja uliyemkosa kwenye safu, umwalike futari. Usimuulize alikuwa wapi. Mwambie tu nafasi yake ipo.

Ewe Mola wetu, tuinue tulioinama, tufunge tuliovunjika, usitufanye sababu ya mja wako kukata tamaa na rehema Yako. Tukubalie saumu na visimamo vyetu, utufikishe Lailatul Qadr. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.