Kahawa na Kiwanja cha Harusi

Mwenye harusi huulizwa maswali mengi, na aghalabu ni ya hesabu: wageni wangapi, magari mangapi, sahani ngapi. Sahibu yangu mmoja wa Unguja, ambaye mwanawe anaoa Kilema, juu ya Moshi, ameniletea swali lenye sura ya hesabu lakini undani wake ni mwingine. Vijana wenyewe wamekubaliana kuwa karamuni kuwe na kigari cha kahawa, kile chenye magurudumu, mashine ya kukamulia kahawa kwa mvuke, na mtu wa kukitumikia. Basi wanatafuta mahali patakapokipokea, na nyumbani kwa bibi harusi hapakipokei. Je, ni haki kukiacha kiwanja cha wazee kwa ajili ya kigari?

Wapo watakaocheka. Nawaomba wasicheke upesi, maana ndani ya kadhia hii mna suala la kale: nini hasa anachodaiwa mgeni, na nani amdaiye mwenyeji.

Kwanza tukitendee haki kigari. Kina masharti yake, wala hayatokani na kiburi. Hutaka ardhi tambarare, njia pana, maji safi na umeme usioyumba. Mashine kubwa ya namna hiyo hula wati 3,000 au zaidi, na nyumba ya kijijini yenye taa chache na redio haikutandikiwa nyaya kwa mzigo huo. Ukileta jenereta, ngurumo yake itashindana na msemaji wa ukoo. Kihamba cha Mchaga, nacho, hakikutengenezwa kwa magurudumu. Ni shamba na nyumba kwa pamoja: migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, mfereji wa maji ukipita kando, masale yakichora mpaka, na makaburi ya wazee humo humo. Masika yakianza, tangu Machi mpaka Mei, njia yake ni utelezi mtupu hata kwa mwenye miguu mizima. Huko chini mjini Moshi kuna kumbi za sakafu ya saruji, zenye maegesho na umeme wa kutosha. Kwa hiyo vijana wamefikia pahala pa ajabu: kahawa yaweza kuandaliwa kokote, ila pale inapoota.

Na pale inapoota si popote. Kilema ndiko wamisionari Wakatoliki walikopanda mibuni katika miaka ya 1890. Kutoka misheni mti ule ukaingia vihambani, na ulipoanza kuleta fedha ukazua ugomvi. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kizungu walitaka Waafrika wazuiwe kuulima. Wakulima wakajiunga katika chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, ushirika ambao jina lake bado linatajwa Moshi kama jina la mtu wa ukoo. Ada za shule zililipwa kwa kahawa, mabati yakanunuliwa kwa kahawa. Lakini kahawa yenyewe ilichumwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa kwenye chama, kisha mnadani, kisha merikebuni. Wengi walioilima maisha yao yote walikunywa chai.

Sisi watu wa pwani tunaijua kahawa bila mti wake. Wao wanaujua mti bila kahawa yake. Nasema kwa jumla, maana wapo mlimani wanaokaanga na kutwanga ya kwao. Hata hivyo Mzanzibari anayejisifu kwa dele na vikombe vyake vidogo akumbuke kuwa ladha anayojivunia imebebwa na migongo asiyoijua.

Kwa upande huu, hoja ya vijana ina uzito. Kumkalisha mzee aliyechuma buni kwa miaka hamsini, akaletewa kikombe cha zao lake lililotengenezwa kwa ustadi ule ule wanaotengenezewa matajiri wa Ulaya, ni takrima ya kweli. Tena kuna jambo jingine. Kinywaji cha karamu ya Kichaga ni mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi. Ndiyo huunganisha koo, nayo hupokezanwa kwenye kata moja. Wageni watakaotoka Unguja hawatainywa. Familia mbili zitakazooana zinahitaji kitu kimoja ambacho wote waweza kukiinua mdomoni kwa pamoja, na kahawa yafaa. Ajabu ya dunia, kinywaji kinachotafutwa leo kiwapatanishe wenye ulevi na wasio nao kiliwahi chenyewe kupigwa marufuku Makka, mwaka 1511.

Kwa hiyo sigombani na kahawa. Ninachokishuku ni magurudumu. Kahawa ni takrima. Kigari ni mtumishi wa takrima. Mtumishi akianza kuchagua nyumba ya kuhudumia, mwenye nyumba ajitazame. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu ataponaje ikiwa mlangoni pake hapana aliyepita, na yeye mwenyewe ameitwa mgeni katika ukumbi wa kukodi, siku ya kumtoa binti yake?

Wala si kweli kwamba bila mashine hapana heshima. Muuza kahawa wa Mji Mkongwe ni kigari cha miguu miwili: dele mkononi, makaa chini yake, vikombe vikigongana, na hakuna uchochoro uliomshinda. Upande wa pili wa nchi, Bukoba, Wahaya hawahitaji hata birika. Buni zao huchemshwa na kukaushwa, mgeni akapewa chache kiganjani azitafune, naye amekwisha pokewa. Mataifa mawili ya takrima, na hakuna hata moja lililongoja umeme.

Atasema mtu kwamba harusi ni ya vijana, wafanye wapendavyo. Ni kweli nusu. Nikahi ni yao; karamu ni ya watu, na katika nchi hii hulipwa kwa michango ya watu. Mwenye kuchangia ana haki ya kukaa, na mahali pa karamu hupimwa kwa wanaoweza kufika, kabla ya vinavyoweza kufika. Ukumbi wa Moshi ungekuwa bora kabisa kama wasioweza kupanda mlima wangekuwa wengi kuliko wasioweza kuushuka. Basi hesabu hiyo ifanywe kwa majina.

Nilimwambia sahibu yangu awaulize vijana ni nani hataweza kushuka. Jibu limekuja: bibi mzaa mama, ambaye magoti yamemkatalia, na kaka zake wawili. Bibi huyo mpaka mwaka juzi alikuwa akichuma buni zake mwenyewe. Kigari, wanasema sasa, kitasimama mwisho wa lami, na vijana wa ukoo watapandisha kahawa kwa chupa za chai. Mwenye kigari analalamika kwamba povu litakufa njiani.