Bei ya Jicho

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo lilizaliwa zama ambazo bidhaa na mnunuzi walikutana sokoni uso kwa uso, na jicho likahukumu lenyewe. Lau wahenga hao wangepanda leo barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela, wakashuka Tukuyu, wangelikutana na fumbo. Mlima Rungwe ni mzuri, nao haujapiga hatua tangu uumbwe. Mashamba ya chai ni mazuri, yamelala mabondeni chini ya ukungu. Hata hivyo sura za mlima na mashamba hayo zinatembea usiku na mchana, kutoka simu hadi simu, na mwenye kuzitembeza hulipwa. Je, kizuri kinapotembezwa hugeuka kibaya? Ama ni methali ndiyo iliyochoka njiani?

Na achukuliwe kijana wa mfano, asiye na jina. Ana simu nzuri na hana shamba kubwa. Asubuhi huteremka hadi Daraja la Mungu, pale mwamba ulipojitandika wenyewe juu ya Mto Kiwira, akapiga picha kabla mvua haijarudi. Jioni huitia katika mtandao, nao watu huja kuitazama: mia, kisha elfu, kisha maelfu. Siku moja mwenye nyumba ya wageni humwita, humpa chumba na fedha kidogo, naye husifu chumba hicho mbele ya wafuasi wake. Kesho yake huja mfanyabiashara wa parachichi, na keshokutwa mwenye kupeleka watalii Ziwa Ngosi. Kijana amepata kazi, na mama yake amepata bati.

Wapo wazee watakaosema kuwa hiyo si kazi, kwamba kazi ni jembe na jasho. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Pwani, mwimbaji wa taarabu hutunzwa jukwaani, na hakuna aliyemwambia arudishe noti kwa sababu hakulima. Kuona vizuri nako ni ustadi, na ustadi una ujira wake. Swali gumu haliko katika kulipwa, bali katika kile kinachouzwa.

Jibu la swali hilo lilikwisha kutolewa na matajiri wenyewe. Mtandao wa picha uitwao Instagram ulizinduliwa Oktoba 2010. Mwaka 2012 kampuni ya Facebook ilitangaza kuununua kwa dola bilioni moja, ilhali wafanyakazi wake walikuwa 13 tu. Hakika thamani hiyo haikuwa ya meza na viti vya watu 13. Ilikuwa thamani ya macho ya mamilioni waliokuwa wameuzoea mtandao huo. Mwaka uliofuata matangazo yakaanza kuingizwa kati ya picha. Kijana wa Tukuyu anafanya biashara ile ile kwa kipimo cha kibaba. Picha huitoa bure. Anachokiuza ni jicho la mtazamaji, na jicho hilo si lake. Ameazimwa.

Kiswahili kinalifahamu jambo hili kuliko kinavyodhaniwa. Mwenye kutazama picha hizo huitwa mfuasi, neno ambalo kabla ya simu lilikuwa la mitume, walimu na viongozi. Mfuasi hufuata, na afuataye hufika alikopelekwa. Anayeyaongoza macho ya watu elfu kumi kuelekea ukingo wa Ngosi anapaswa kuwaambia pia kwamba njia ya msituni huteleza wakati wa mvua. Akiinyamazia tope kwa kuwa tope haivutii, atakuwa ameilia amana.

Wilaya hiyo hiyo ina kisa kinachoonyesha uzito wa picha iaminiwapo. Wazee wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani nyani mwenye haya, akaaye juu mitini, wakimwita kipunji. Wataalamu walisikia habari zake kwa wawindaji, nao wakamwona katika misitu ya Rungwe mwaka 2003. Wengine wakamkuta Ndundulu, katika milima ya Udzungwa, mwaka 2004. Alipotangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, hapakuwa na ngozi wala mfupa wa kuweka mezani kama ilivyo desturi ya sayansi. Picha za mnyama aliye hai ndizo zilizosimama kama shahidi. Baadhi ya wanasayansi walinung'unika, wakiuliza kama picha yaweza kubeba mzigo huo. Ilibeba, na jina la wazee likabaki. Baadaye kipunji mmoja aliyekufa katika mtego wa mkulima mlimani Rungwe aliwawezesha wataalamu kuchunguza zaidi, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, ikabeba jina la mlima. Katika kisa hicho picha ilithaminiwa kwa kuwa aliyeipiga aliaminika kuwa hakuongeza chumvi. Imani ya namna hiyo hujengwa polepole, na tangazo moja la uongo laweza kuitoboa kama ngalawa.

Kuna deni la pili, la yule anayepigwa picha. Msomaji wa visiwani hahitaji kufundishwa. Tangu zama za studio ya A. C. Gomes, kadi za posta zilizopigwa Unguja zilisafiri hadi Ulaya zikiwa na sura za wanawake waliovaa kanga na wachukuzi wenye migongo iliyoinama, na chini yake kuandikwa kabila ama kazi, mara chache jina. Rungwe nayo ilipitia njia hiyo. Tukuyu ilipokuwa ikiitwa Neu-Langenburg, chini ya Wajerumani, daktari Friedrich Fülleborn alizunguka nchi za Ziwa Nyasa, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kikubwa chenye picha za watu wa huko. Waliopigwa picha hawakuulizwa sura zao ziende wapi.

Leo mpiga picha ni mjukuu wa waliopigwa. Anapomnasa bibi mwenye mkungu wa ndizi kichwani, mvua ikimchirizika usoni, picha hiyo yaweza kumletea wafuasi kuliko mlima mzima. Bibi atapata nini? Ukaribu wa damu hauondoi deni; pengine hulizidisha. Tofauti ni kubwa kwa anayejionyesha mwenyewe. Kili Paul, Mmasai wa Mkoa wa Pwani, alijulikana mwaka 2021 kwa kuziigiza nyimbo za Kihindi pamoja na dada yake Neema, hata Ubalozi wa India nchini Tanzania ukamtunuku mwaka 2022. Uso alioutoa ulikuwa wake na shuka lilikuwa lake. Mtu aweza kuukodisha uso wake kwa hiari. Wa jirani hauna dalali.

Lakini deni zito kuliko yote ni la ndani zaidi. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu cha mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe, na jinsi walivyolithamini jambo waliloliita ukwangala: kufurahia ushirika wa wenzako, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao kama sawa. Mtu alikuwa mtu kwa wale aliokula nao. Ng'ombe wake walikuwa na maana kwa kuwa siku moja nyama ingegawanywa.

Isidhaniwe kwamba kijiji kile kilikuwa pepo. Mwandishi huyo huyo alieleza hofu ya pumzi za watu, yaani manung'uniko ya majirani yaliyoaminiwa kuweza kumtia maradhi aliyekiuka ada. Jicho la kijiji lilichoma. Kwa hiyo kijana anayetafuta wafuasi mbali na kwao ana hoja: pengine jicho la mgeni lampa nafasi ambayo jicho la jirani lilimnyima. Ila naye ameingia chini ya pumzi nyingine. Idadi ikishuka, usingizi hukatika. Wapo wanaofikia hadi kununua wafuasi wasio na damu, ili tarakimu ionekane imenona. Hapo ndipo ukwangala unapokuwa umekufa kabisa: kijiji cha watu elfu, wala hakuna hata mmoja wa kula naye.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi huisoma methali hiyo kama shutuma kwa mgema peke yake. Lakini mnywaji naye alikuwapo, akisifu asichokionja. Wafuasi wanaopenda kila kitu humharibu wanayempenda, na mtazamaji asiyeuliza bibi huyu ni nani, au sifa hii imelipiwa na nani, ameshika mtungi wa maji pamoja na mgema.

Basi methali ya kwanza haijachoka. Kizuri chaweza kutembezwa kisigeuke kibaya, endapo mwenye kukitembeza yu tayari kukutana na mnunuzi. Kando ya barabara ya Kiwira, mama muuza ndizi hupanga chane zake, na kila mmoja anajua kuwa zilizo juu zimechaguliwa. Hilo si dhambi. Ila kesho atakuwa pale pale, na aliyeuziwa zilizooza chini atapita tena na kumtazama usoni. Kijana wa Tukuyu auze apendavyo, lakini aiweke kila picha kana kwamba mfuasi wake wa mbali kabisa atashuka kesho asubuhi katika stendi, mvua ikinyesha, akimuuliza: je, ni hapa?