Yusufu Alijua, Mkulima Hakujua

Mafundisho ya juma hili yametokana na swali la ndugu mmoja anayefanya biashara ya mbuzi hapa Dagahaley. Aliuliza hivi: kiangazi kikikaza, mfugaji anakuja sokoni na mbuzi watano, anataka pesa leo leo. Nikimnunulia kwa bei ya chini, nimemtendea dhambi? Wengine walimjibu haraka kwamba biashara ni biashara. Wengine wakasema huo ni unyonyaji. Mimi nilisomea biashara chuoni kabla ya kuingia kwenye huduma, na naona majibu yote mawili ni mepesi mno.

Tuanze na hali yenyewe. Huku kwetu tunategemea mvua mbili, Gu ya Machi hadi Mei na Deyr ya Oktoba hadi Desemba. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, na Gu ya 2024 ikaleta mafuriko tena, watu wakahama makazi yao humu humu kambini. Zamani baada ya ukame mfugaji alipata miaka kadhaa ya kujenga upya kundi. Siku hizi hajamaliza kuhesabu hasara, nyingine imefika.

Sasa angalia bei. Ukame ukija, mbuzi anakonda na kila mtu anauza kwa wakati mmoja, basi bei ya mbuzi inashuka. Wakati huo huo bei ya unga inapanda. Chukua mfano tu: mbuzi wa shilingi 6,000 anauzwa 2,000. Mvua ikirudi, mfugaji akitaka kuanza tena, mbuzi ni 6,000, pengine zaidi kwa sababu kila mtu anatafuta. Maana yake ameuza watatu ili arudishe mmoja. Hesabu hiyo si ya darasani. Wengi waliofika Dadaab mwaka 2011, ukame na njaa vilipoipiga Somalia, walikuwa wafugaji. Mtu aliyekuwa na ngamia leo anapanga foleni ya mgao na kadi mkononi.

Hata hivyo sitamwambia ndugu yetu aache kununua. Asiponunua, yule mbuzi anafia bomani na mwenyewe hapati hata senti. Mnunuzi naye anabeba mzigo: gari la kwenda Garissa, nyasi, maji, na wale wanaokufa njiani. Kukataa kununua ili tuonekane wasafi ni kumwacha mtu na mzoga. Kwa hiyo kununua si dhambi, nasema wazi.

Lakini fungua Mwanzo 41. Sisi wahubiri tunapenda sana kumsifu Yusufu kwa kuweka akiba, na kweli aliokoa maisha ya watu wengi. Ila soma na sura ya 47, ambayo hatuihubiri mara nyingi. Njaa ilipokaza, Wamisri walitoa pesa zao zote, kisha mifugo, kisha mashamba, mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Na nafaka waliyouziwa ilikuwa imekusanywa kutoka nchi hiyo hiyo yao. Kuna jambo moja nimelitafuta katika sura hizo na sijaliona: habari ya miaka saba ya njaa waliisikia Farao na watumishi wake. Haijaandikwa popote kwamba mkulima aliambiwa. Angeambiwa, si naye angeficha magunia mawili ya kwake?

Hapo ndipo naona dhambi inapoweza kuingia, kabla hata ya siku ya soko. Leo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi, kaunti kwa kaunti. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri kabla ya msimu. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima ya mifugo ambapo setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na nyasi zikikauka kupita kiasi, mfugaji aliyeandikishwa alilipwa. Yaani hata chombo kilicho huko angani kinajua kwamba malisho yanaisha. Mfanyabiashara mwenye simu na Kiingereza anajua pia. Mama anayechunga nje ya Dagahaley ndiye wa mwisho kusikia. Ukijua Septemba kwamba Deyr huenda ikashindwa, ukanyamaza, ukangoja Januari mbuzi wakonde ndipo uje na pesa, hiyo bei uliitengeneza wewe kwa kunyamaza. Mithali 11:26 inasema watu humlaani anayezuia nafaka. Anayezuia habari sioni kama amemzidi huyo kwa usafi.

Ni kweli utabiri hukosea. Ile El Niño ya 2023 tulisikia inakuja, tukasikia haiji, kisha ikaja. Ukimwambia jirani auze mapema na mvua ikanyesha, atakulaumu. Basi mwambie kama ulivyosikia, kwamba ni huenda, aamue mwenyewe. Pengine atauza madume na wazee, abaki na majike machanga ya kuanzia.

Ndugu yetu aliniuliza tena, “Mchungaji, nikiwaambia wote, faida yangu itatoka wapi?” Itatoka kwenye usafiri, kwenye nyasi ulizohifadhi, kwenye hatari uliyobeba. Itakuwa ndogo, hilo sikufichi. Na majirani wengi tunaowanunulia ni Waislamu, wanajua vizuri sisi ni watu wa kanisa gani.

Jumapili baada ya ibada, wanaofanya biashara ya mifugo tubaki kidogo. Nitakuja na taarifa ya mwezi huu ya kaunti. Tunahitaji mtu wa kuifasiri kwa Kisomali kabla ya siku ya soko.