Mwanya Upi?

Tukiambiwa kitu kimetoka huku kikafika kule, hatusiti kuamini kwamba kimepitia mahali fulani, hata kama hakuna aliyekiona. Elektroni zilikwisha kuitia imani hiyo mashakani. Mwaka 1999, mjini Vienna, Markus Arndt, Anton Zeilinger na wenzao waliijaribu kwa kitu kizito zaidi: molekuli za kaboni, kila moja ikiwa na atomu 60 zilizofungamana kwa umbo la mpira wa miguu. Walizirusha kutoka kwenye tanuri kuelekea wavu wenye mianya iliyopangwa kila baada ya nanometa 100.

Ng'ambo ya wavu molekuli zilijaa katikati, zikapungua pembeni, kisha zikaongezeka tena. Hivyo ndivyo yafanyavyo mawimbi yanapokutana, hapa yakijazana, pale yakifutana. Wala molekuli hazikuwa zikishirikiana. Kila moja ilifanya hayo peke yake.

Mtu wa busara atasema kila molekuli ilipita mwanya mmoja, ila sisi hatujui upi. Jibu hilo linavutia, na ndiyo maana linastahili kupimwa. Kama mianya mingine haiihusu molekuli inayopita, kufungua mwanya wa ziada kusingepunguza molekuli popote. Lakini yapo maeneo ambako mianya ikiongezwa, molekuli zinazofika hupungua. Kutojua kwetu hakuwezi kuizuia molekuli isitue. David Bohm, aliyetetea mwaka 1952 kwamba chembe ina njia yake halisi, naye ilimbidi aipe wimbi la kuiongoza, na wimbi hilo hupita mianya yote.

Mimi nashikilia kwamba njia huwa jambo la hakika pale tu inapoacha alama. Mwaka 2004 kundi hilohilo la Vienna lilipasha kwa leza molekuli za atomu 70 kabla hazijafika kwenye nyavu. Kadiri joto lilivyopanda, ndivyo ile mistari ya kujaa na kupungua kwa molekuli ilivyofifia. Molekuli yenye joto kali hutoa mwanga, na mwanga huo huondoka na habari za mahali ulikotoka. Hakuna mtu aliyezisoma habari hizo, na hakuhitajika. Wanaotangaza kwamba akili ya mtazamaji ndiyo inayoumba ulimwengu wasiitaje fizikia hii kuwa shahidi wao.