Kinda Mgeni Bustanini

Katika majira ya mvua, wakati mnana asukapo kiota chake, huenda ukamwona, kando ya kigae ulichowatilia ndege chenga za mchele, kinda usiyemfahamu: manyoya yamemfutuka, mkia haujatimia, naye anatetemesha mbawa akidai chakula, na mnana anamlisha. Nafsi ya mwanadamu hupenda kukata shauri kwa haraka, ikasema amlishaye ndiye mzaziwe. Lakini ukitazama kwa makini, ukauona mdomo wake mwekundu kama marijani, utatambua ya kuwa huyo ni kekeo, ambaye mamaye alitaga yai katika kiota cha wenyewe, naye, punde baada ya kuanguliwa, akayasukuma nje mayai ya wenyeji wake. Wala tusimlaumu, maana ndivyo Muumba alivyomjaalia. Elimu ya viumbe hupatikana kwa subira, kwa kuzipima sifa moja baada ya moja: mdomo, mkia, miguu, kisha sauti. Basi leo, ndugu msikilizaji, usimhukumu mgeni kwa jamaa anaoandamana nao; mtazame yeye mwenyewe, kwa insafu, ndipo useme.